Sufuria Mlangoni: Chakula cha Kushibisha katika Historia ya Kahawa Wendani

Kahawa Wendani ni kata mojawapo ya eneobunge la Ruiru katika Kaunti ya Kiambu, kando ya barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Thika, jirani na Kahawa Sukari, kambi ya jeshi ya Kahawa na Chuo Kikuu cha Kenyatta. Jina lake limeunganisha historia mbili, kwa kuwa kahawa ndilo zao lililotawala ardhi hiyo katika sehemu kubwa ya karne ya 20, ilhali wendani ni neno la Kikikuyu lenye maana ya upendano. Anayeshuka matatu hapo siku hizi haoni mibuni, bali majumba ya kupanga yaliyosongamana, maduka, bucha na safu za hoteli, neno ambalo katika Kiswahili cha Kenya si lazima limaanishe nyumba ya kulala wageni, kwani hutajwa kwa mahali popote panapouzwa chakula kilichopikwa, hata pakiwa na benchi mbili tu na paa la mabati.

Vyakula vya hoteli hizo vinajulikana na vimekusudiwa kushibisha: githeri, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, ambayo pwani huitwa pure na Tanzania makande; mukimo, yaani viazi vilivyopondwa pamoja na mahindi na majani ya maboga; ugali kwa matumbo; chapati kwa maharagwe au ndengu; na nyama choma kwa mwenye nafasi. Wauzaji na walaji wengi huviita vyakula vya asili, na katika sherehe za harusi na mahari husifiwa kuwa ndivyo walivyokula mababu. Sifa hiyo ni kweli nusu tu. Historia ya eneo hili inaonyesha kwamba sahani inayouzwa Wendani haikutoka moja kwa moja katika jiko la mababu, bali ilipitia malango ya taasisi zilizowalisha watu kwa kipimo, yaani shamba la mlowezi, kambi ya jeshi na bweni la chuo, na kwamba kila mara taasisi hizo zilipopunguza kipimo au kuacha kulisha kabisa, alitokea mtu, aghalabu mwanamke, akaweka sufuria yake mlangoni.

Kabla ya mibuni, ukanda huu ulikuwa ukingo. Upande mmoja ilipanda miinuko ya Wakikuyu yenye mvua na udongo mwekundu, na upande wa pili zilitandaa mbuga kavu za malisho zilizotumiwa na Wamaasai na wanyamapori. Katika majiko ya Wakikuyu wa karne ya 19 mlipikwa mtama, wimbi, mawele, viazi vikuu, viazi vitamu, ndizi, mbaazi na kunde, na jamii ya kunde iliyoheshimiwa kuliko zote ilikuwa fiwi, ambazo wao huziita njahi, punje nyeusi zenye mstari mweupe ubavuni, zilizopikiwa mama aliyejifungua ili arudishe nguvu na zilizokuwa na nafasi yake katika shughuli za ukoo. Mahindi yalikuwapo pia, kwa kuwa zao hilo la Amerika lilikwisha kuingia Afrika Mashariki kupitia pwani tangu enzi za Wareno, lakini yalikuwa zao moja kati ya mengi.

Biashara ya chakula nayo haikuanza na wazungu. Misafara ya Waswahili na Waarabu iliyotoka pwani katika nusu ya pili ya karne hiyo ilinunua nafaka na kunde kwa Wakikuyu kabla ya kuvuka nchi kavu, na kampuni ya Waingereza iliyojenga ngome ya Fort Smith karibu na Kabete mwaka 1891 ilitegemea soko hilo hilo. Kilichouzwa, hata hivyo, kilikuwa chakula kibichi. Chakula kilichokwisha kupikwa kilikuwa cha kumkirimu mgeni, na kumtoza mtu fedha kwa kilichomo chunguni ni desturi iliyosubiri mambo mawili: watu wengi wanaokaa mbali na majiko yao, na mshahara.

Yote mawili yaliletwa na shamba kubwa. Reli ya Uganda ilifika Nairobi mwaka 1899, sheria ya ardhi ya mwaka 1902 ikaiwezesha serikali ya kikoloni kugawa ardhi ya Kiambu kwa walowezi, na kahawa, ambayo wamisionari Wakatoliki walikuwa wameijaribu kwanza Bura huko Taita na kisha karibu na Nairobi, ikapata makao katika udongo mwekundu kati ya Kiambu, Ruiru na Thika. Mwaka 1913 tawi la reli lilifika Thika, likiitwa tramu katika hesabu za serikali kwa sababu fedha za tramu zilikuwa rahisi kuidhinishwa kuliko fedha za reli, na buni ikapata njia ya kwenda bandarini. Mavuno yalihitaji mikono mingi kwa muda mfupi, hasa kati ya Oktoba na Desemba, na wachumaji, wengi wao wanawake na watoto, walilipwa kwa debe, yaani lile bati la mafuta ya taa lililogeuzwa kipimo cha kila kitu, tangu buni mbichi hadi mahindi makavu.

Mwajiri alilazimika kumlisha kibarua aliyekaa shambani, na chakula hicho kikaitwa posho. Neno hilo lina safari yake. Katika misafara ya karne ya 19 posho ilikuwa riziki ya siku aliyopewa mpagazi. Shambani ikawa unga wa mahindi. Nchini Uganda limebaki kuwa jina la ugali wenyewe, na katika ofisi za leo ni marupurupu ya mkutano. Kipimo cha kawaida cha mashamba ya Kenya kilikuwa ratili mbili za unga kwa siku, yaani takriban gramu 900, pamoja na chumvi na mara kwa mara maharagwe. Mahindi yalichaguliwa kwa sababu zilizomfaa mwajiri: yalizaa sana, yalisagwa kwa mashine kwa bei nafuu, yalihifadhika, na yalipimika. Kampuni ya Unga ilianzishwa mwaka 1908 kwa juhudi za mlowezi Delamere, na Vita Kuu ya Kwanza ikaeneza mazoea hayo, kwani maelfu kwa maelfu ya Waafrika waliochukuliwa kubeba mizigo ya jeshi walilishwa unga wa mahindi, na waliorejea salama walirejea wakiujua. Kariokor ya Nairobi, iliyopata jina lake kutokana na kikosi hicho cha wapagazi, leo inasifika kwa nyama choma, jambo ambalo wapagazi wenyewe, walioishi kwa unga mkavu, wangeliona kama kejeli.

Historia ya ulaji katika barabara ya Thika kwa hiyo ina meza mbili. Ya kwanza imeandikwa sana. Hoteli ya Blue Posts, iliyofunguliwa mwaka 1908 pale mito ya Chania na Thika inapoporomoka karibu na kukutana, iliwapokea walowezi, wawindaji na baadaye watalii waliokuwa wakielekea milimani, ambako hoteli ya Outspan ya Nyeri ilifunguliwa mwaka 1928 na ile ya Treetops mwaka 1932. Na Elspeth Huxley, aliyelelewa karibu na Thika, alichapisha mwaka 1959 kitabu cha kumbukumbu kilichoufanya mji huo ujulikane hata na watu wasiowahi kufika Afrika. Meza ya pili, ya vibarua wa mashamba yaliyopakana na barabara hiyo hiyo, haikuacha menyu wala kumbukumbu za wageni. Iliacha uzani. Mwanahistoria anayetaka kujua kibarua wa Ruiru alikula nini huishia kusoma ratili, madebe na malalamiko ya maofisa kuhusu wafanyakazi dhaifu. Mwaka 1931 watafiti Orr na Gilks walichapisha uchunguzi mashuhuri uliolinganisha miili ya Wakikuyu waliokula nafaka na ya Wamaasai waliokunywa maziwa na kula nyama, na uchunguzi huo, pamoja na kasoro zake, ulikiri kwamba chakula cha Mkikuyu wa wakati huo kilikuwa na upungufu. Ila haukuuliza vya kutosha ni ardhi ipi na malisho yapi yaliyokwisha kuchukuliwa kabla ya mizani kufika.

Githeri ya leo ni mtoto wa kipindi hicho. Kuchemsha nafaka na kunde katika chungu kimoja ni ufundi wa kale, lakini mchanganyiko wa mahindi meupe makubwa na maharagwe mekundu ulishinda kwa sababu mahindi yalishinda katika posho, na kwa sababu idara ya kilimo ilihimiza maharagwe yenye soko la nje, kama yale yaliyoitwa Canadian Wonder, badala ya njahi zilizochukua muda mrefu shambani na ambazo mnunuzi wa Ulaya hakuzitaka. Mapishi yake yanaeleza kwa nini chakula hiki kinafaa kuuzwa. Mahindi makavu hulowekwa usiku kucha, huinjikwa kabla ya maharagwe kwa kuwa ni magumu zaidi, na huachwa yachemke kwa saa tatu au nne juu ya moto wa polepole, huku wapishi wengine wakitia chembe ya magadi ili ganda lilainike upesi, ingawa magadi yakizidi hubadilisha ladha na mlaji mzoefu huyatambua kwa tonge la kwanza. Kinachopatikana ni akiba ya kuchotwa siku nzima: asubuhi huliwa kavu, mchana hukaangwa kwa vitunguu, nyanya na viazi, na jioni kilichosalia huongezwa kabichi na kuuzwa kama kipya. Chakula kinachohitaji kuni nyingi mara moja na mapishi machache baadaye ni chakula cha mtu anayewalisha wengi. Nyumba yenye watu watatu hupata hasara kukipika, na ndiyo sababu hadi leo githeri iliyochemshwa tayari huuzwa kwa kikombe kando ya njia za Wendani, ili mnunuzi akaikaange kwake.

Hapo msomaji anaweza kuvuka bahari kidogo. Kusini mwa Marekani, mgeni anayetafuta mlo mzito wa huko hupewa mkate wa mahindi, kunde zenye jicho jeusi na majani yaliyochemshwa kwa muda mrefu, ambayo Mkenya angeyatambua mara moja kuwa ni ndugu wa sukuma wiki. Kunde ni zao la Afrika lililofika huko pamoja na watu waliouzwa utumwani, ilhali mahindi ni zao la wenyeji wa Amerika lililokuja Afrika kwa merikebu za wafanyabiashara. Sahani ya huko na ile ya Wendani hazikuigana, lakini zimefanana kwa sababu ya mzazi mmoja, yaani shamba kubwa lililowapimia wafanyakazi unga na kuwaachia wenyewe kazi ya kuufanya ulike, na zimefanana pia katika hatima, kwa kuwa chakula kilichokuwa alama ya unyonge sasa huuzwa kama urithi, na kwa bei ya urithi.

Taasisi ya pili ni jeshi. Katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 kufuatia vita vya Mau Mau, na katika miaka iliyofuata, Waingereza waliimarisha makao ya kijeshi Kahawa, na sehemu moja ya makao hayo ikaitwa Templer Barracks, kwa jina la Jenerali Gerald Templer aliyejulikana kwa vita vya Malaya. Nje ya ua, maisha ya Kiambu yalikuwa yamegeuzwa kabisa: kuanzia mwaka 1954 familia za Wakikuyu zilihamishiwa vijiji vya lazima, wanawake wakafanyishwa kazi za kuchimba mahandaki na kujenga barabara, na saa za kwenda shambani zikawekewa mipaka. Mapishi ya kuchemsha mara moja na kula kwa siku mbili yalipata sababu nyingine ya kudumu, kwa maana mwanamke aliyerudi saa ya amri ya kutotoka nje hakuwa na muda wa sufuria nne. Ndani ya ua wa kambi kulikuwa na mesi, yaani bwalo la askari, yenye saa zake na mgawo wake, na wapishi Waafrika waliofanya kazi katika mesi na katika majiko ya walowezi walijifunza huko mchuzi mzito, viazi vya kukaanga na hesabu ya sahani, maarifa yaliyokuja kufaa baadaye.

Hapa pia inafaa kutaja chai, kwa sababu jina la Kahawa humdanganya mgeni. Katika hoteli za Wendani kinywaji ni chai ya maziwa iliyochemshwa pamoja na sukari, na anayeagiza kahawa huletewa, kama ipo, kijiko cha unga na maji ya moto. Buni ya Ruiru ilikuwa ya kusafirishwa, na Mwafrika wa Kenya alizuiwa kwa muda mrefu hata kuipanda, hadi masharti yalipoanza kulegezwa katika miaka ya 1930 na kufunguliwa kwa upana baada ya mpango wa kilimo wa Swynnerton wa mwaka 1954. Chai, kinyume chake, ilitangazwa kwa Waafrika kwa bidii tangu miaka ya 1930 na wafanyabiashara waliotafuta soko la ndani, na ilipokutana na maziwa ya Kiambu na andazi la pwani, ikawa kifungua kinywa cha mtu wa mshahara.

Uhuru ulipatikana tarehe 12 Desemba 1963, na mwaka 1965 serikali ya Uingereza ikaikabidhi Kenya Templer Barracks, ambayo iligeuzwa kuwa Chuo cha Kenyatta. Mwaka 1970 chuo hicho kiliunganishwa na Chuo Kikuu cha Nairobi, mwaka 1972 kikapokea wanafunzi 200 wa kwanza wa shahada ya ualimu, na mwaka 1985 kikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Kwa historia ya chakula, jambo muhimu ni kwamba mesi ilibadilisha walaji tu. Mwanafunzi wa miaka ya 1970 na 1980 alilala bwenini na kula bwaloni kwa gharama ya serikali, na juu ya hayo alipewa fedha za matumizi, ambazo wanafunzi waliziita bumu, kiasi kwamba wengine waliwatumia wazazi sehemu yake. Hoteli za nje zilikuwapo, lakini mwanafunzi alizifuata kwa starehe, hasa nyama choma na bia, wala si kwa njaa.

Mambo yaligeuka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Serikali, iliyokuwa ikibanwa na masharti ya Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, ilianzisha kugawana gharama katika vyuo vikuu vya umma, ikaondoa posho za wanafunzi na kuweka mfumo wa kulipa unapokula, ambamo kila sahani ya bwaloni ilipewa bei. Migomo ilizuka, vyuo vikafungwa na kufunguliwa, na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ikaundwa mwaka 1995, lakini mfumo haukurudi nyuma. Mwanafunzi aliyekuwa mlaji wa mesi akawa mnunuzi mwenye shilingi chache, na mnunuzi hutafuta bei. Wanafunzi wengine waligeuza vyumba vya mabweni kuwa vibanda na kupika kwa koili ya umeme; wengine walitoka nje ya lango. Idadi ya waliodahiliwa ilipozidi vitanda, hasa baada ya vyuo kuanza kupokea wanafunzi wa kujilipia mwishoni mwa muongo huo, maelfu walihamia Wendani, Kahawa Sukari na maeneo ya karibu, na hapo hoteli ikawa jiko la watu wasio na jiko. Ikiwa kuna tarehe moja ya kuzaliwa kwa Wendani ya walaji, basi inafaa kutafutwa katika uamuzi huo wa bajeti, si katika mila.

Waliosimamisha sufuria walikuwa na ujuzi wa zamani. Tangu ukoloni, wanawake wa Kiambu walikuwa wakipeleka mboga, maharagwe na chakula kilichopikwa Nairobi, wakifukuzwa na askari wa manispaa kwa kukosa leseni, na wajukuu wao wamerithi mchezo huo na askari wa kaunti, ambao bado huitwa kanjo kwa jina la baraza (council) la mji lililokufa. Mtaji ulikuwa mdogo: sufuria mbili kubwa, jiko, meza, na mahindi ya mkopo kutoka kwa jamaa wa shambani. Ugumu ulikuwa katika hesabu ya gunia. Katika ukame wa mwaka 1984 Kenya iliagiza mahindi ya njano kutoka nje, ambayo wakubwa wa leo bado huyataja kwa kukunja uso, na tangu masoko ya mahindi yalipolegezwa katika miaka ya 1990 mpishi amekuwa akipanga wiki yake kwa kufuata bei ya gorogoro, yaani mkebe wa kilo mbili unaotumiwa sokoni. Mwaka 2022 pakiti ya kilo mbili za unga ilipopita shilingi 200, hadi serikali ikatangaza ruzuku ya muda mwezi Julai, sahani nyingi hazikupandishwa bei: zilipunguzwa ugali, na mlaji aliambiwa kwa macho.

Hoteli ya namna hiyo hufunguliwa wakati bado kuna giza. Kufikia saa kumi na mbili asubuhi andazi limekwisha kukaangwa na chai imo kwenye chupa. Saa nne unga wa chapati huwa umekandwa, umepakwa mafuta, umekunjwa na kuviringwa kama konokono ili chapati ifunguke kwa tabaka. Na ifikapo saa saba mchana hakuna ubao wa menyu unaohitajika, kwa sababu kijana anayehudumu husimama mbele ya meza na kuisoma kwa pumzi moja, ugali matumbo, ugali nyama, chapo madondo, chapo ndengu, mukimo, githeri ya kawaida, githeri ya parachichi, wali maharagwe, akianza na vinavyotaka kuharibika. Madondo ni maharagwe katika Sheng, lugha ya vijana wa Nairobi, na chapo ni chapati. Mlaji akila nusu husema kwa unyonge wa kujifanya, “Mathe, niongezee supu,” naye mwenye hoteli, aitwaye mathe hata na wanaomzidi umri, huongeza upawa wa mchuzi wa maharagwe bila malipo. Supu hiyo ndiyo siri ya biashara: ni maji, chumvi na wanga uliokwisha kulipiwa, nayo huifanya chapati mbili ziwe mlo, na humrudisha mwanafunzi kesho yake hata kama jirani ameshusha bei kwa shilingi tano.

Nyama choma ina historia yake pembeni, kwa kuwa ni biashara ya wanaume na ya fedha taslimu. Bucha huning'iniza nyama dirishani, mnunuzi huchagua paja au mbavu, hupimiwa kwa kilo, na nyama hupelekwa nyuma kwenye makaa, kisha huletwa juu ya ubao na kukatwakatwa mbele yake, pamoja na kachumbari na ugali. Mutura, utumbo uliojazwa nyama, damu na viungo na kuchomwa, ulikuwa katika desturi za Wakikuyu sehemu ya mnyama aliyechinjwa kwa shughuli, ukiliwa kwa pamoja. Siku hizi huuzwa jioni kwa vipande vya shilingi kumi au ishirini kwa watu waliosimama, na wengi wanaoula hawajawahi kuchinjiwa mbuzi. Siku fedha za mikopo ya elimu zinapoingia, mabucha ya karibu na chuo hujua kabla ya magazeti.

Wakati huo huo zao lililoupa mtaa jina lilikuwa likififia. Kenya ilizalisha zaidi ya tani 120,000 za kahawa katika msimu wa 1987/88, kisha mgawo wa kimataifa uliolinda bei ukavunjika Julai 1989, na miongo miwili baadaye uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi kama tani 50,000 au chini yake. Katika ukanda wa Ruiru, ambako kituo cha utafiti wa kahawa kilitoa mwaka 1985 aina ya Ruiru 11 inayostahimili magonjwa, ardhi ilianza kuwa na thamani zaidi bila mibuni kuliko ikiwa nayo. Mashamba yalikatwa viwanja, na mji wa Ruiru uliohesabiwa watu takriban 239,000 mwaka 2009 ulihesabiwa watu takriban 490,000 mwaka 2019. Mashina ya mibuni iliyong'olewa hayakupotea bure: mti wa kahawa ni mgumu, huwaka polepole na kuacha kaa linalodumu, na wapishi wa Kiambu hulipenda kwa mahindi yanayokataa kuiva. Kwa muda fulani, basi, kahawa iliyokuwa haiwashibishi waliochuma iliingia jikoni kwao, ila kama kuni.

Barabara nayo iliupanga upya mtaa. Agizo la Rais Jomo Kenyatta la mwaka 1973 lililoziruhusu matatu kubeba abiria bila leseni ya usafiri lilikuwa limeufanya ukanda huu uwe wa kulala na kurudi mjini, na Githurai 44 na 45 zimebaki na namba za njia za matatu kama majina. Kati ya mwaka 2009 na 2012 barabara ya Thika ilipanuliwa kwa urefu wa kama kilomita 50, ikazinduliwa na Rais Mwai Kibaki Novemba 2012, na vibanda vilivyokuwa kandokando vikaondolewa. Kwa kuwa mtu wa miguu hakuweza tena kuvuka popote, mkondo wa watu uliminywa kwenye madaraja ya juu, na wauzaji wa chakula wakafuata mkondo huo hadi kwenye ngazi zake: mayai ya kuchemsha na soseji juu ya toroli, mahindi ya kuchoma, mutura, kisha hoteli zenye viti hatua chache ndani. Sahani nzito, inayotaka mtu akae chini kwa dakika ishirini, ilisukumwa vichochoroni, ambako kodi ni nafuu.

Machi 2020 vyuo vilifungwa kwa sababu ya korona, na Wendani ikaona jinsi meza zake zinavyotegemea lango moja. Vyumba vilibaki vitupu, hoteli zilipigwa marufuku kuketisha wateja, na ziliporuhusiwa kufungua kwa masharti mwishoni mwa Aprili, kukiwamo kuwapima wafanyakazi, nyingi hazikuwa na wa kumpikia. Baadhi ya wapishi walirudi kuuza githeri iliyochemshwa kwa kikombe, wengine walihamia Githurai, na benchi zilizotolewa nje hazikurudishwa zote.

Lango jipya lilikuwa limekwisha kufunguliwa, hata hivyo. Mwaka 2019 hospitali ya rufaa yenye jina la Chuo Kikuu cha Kenyatta ilianza kupokea wagonjwa, na pamoja na wagonjwa hao huja ndugu kutoka mbali, wanaosubiri tangu asubuhi hadi saa ya kuona wagonjwa na ambao hakuna bwalo linalowahesabu. Huagiza uji wa wimbi kwenye chupa ya chai, mukimo uliofungwa kwenye bakuli la plastiki, supu ya mifupa. Na wanaomtembelea mama aliyejifungua huuliza kama kuna njahi. Mpishi aliyepika maharagwe mekundu miaka yote huinua kifuniko, hujibu kwamba leo hakuna, na humwambia aliyeuliza kwamba akitoa oda jioni, zitalowekwa usiku na kesho saa sita zitakuwa zimeiva.